Kuku Wanaougua Mbali na Duka Langu

Picha ya kinyesi cha kuku iliyopigwa usiku chini ya balbu ya manjano haisaidii kitu. Hapo kila kinyesi ni cha manjano, na mfugaji aliyekwisha kusoma mahali kwamba manjano ni taifodi anaamka alfajiri kwenda kununua dawa ya taifodi. Mimi huwaambia: subiri kuche, kiokote kwa kijiti, kiweke juu ya karatasi nyeupe, toka nacho nje ya banda, piga bila flashi. Kijani kikionekana hapo ni kijani kweli, na damu ikionekana ni damu.

Hayo sikuyasoma Tengeru. Nilichukua stashahada ya afya na uzalishaji wa mifugo pale na walimu wangu walikuwa wazuri, lakini walitufundisha kumpima kuku aliye mkononi. Kumsoma kuku aliye Ludewa wewe ukiwa nyuma ya kaunta Iringa mjini, hilo nimejifunza Facebook na WhatsApp, tena polepole, kwa zaidi ya miaka kumi. Nina duka la dawa na vyakula vya mifugo. Wateja huniita dokta, ingawa daktari wa mifugo ni mwenye shahada na mimi sinayo. Sheria ya veterinari ya mwaka 2003 imetutenganisha vizuri tu, ila mtaani kila mwenye bomba la sindano ni dokta.

Vijana wanaohitimu siku hizi hunifuata kuuliza nilijitangaza vipi mtandaoni hadi nikapata wateja wa Songea na Njombe. Wanataka nitaje mtandao, nitaje saa nzuri ya kuposti, nitaje kiasi cha kulipia tangazo. Nikiwaambia miaka ya mwanzo sikupata hata mteja mmoja, wanadhani nawaficha siri.

Nilijiunga Facebook mwaka 2010. Mkongo wa Seacom ulikuwa umetua Dar es Salaam Julai 2009, na baada ya muda hata sisi wa huku juu tukaanza kufungua picha kwenye intaneti kafe bila kwenda kunywa chai kwanza. Kilichonipeleka huko hakikuwa kazi. Nilikuwa nawatafuta wenzangu wa chuo: nani ameolewa, nani kapangiwa wapi, nani amenenepa. Tulipohamia WhatsApp darasa likarudi zima, na kwa muda mrefu hapakuwa na lolote la maana zaidi ya salamu, vichekesho, misiba na michango ya harusi. Nilitaka kujitoa mara nyingi, hasa bando lilipokuwa ghali na mtu anatuma video ya mahubiri.

Siku moja mwenzetu aliyeajiriwa Singida akaweka picha ya kuku wa kienyeji aliyepasuliwa, amelazwa juu ya gunia, na maneno matatu: "Jamani, hii nini?" Aliyeko Kagera akajibu upesi mno. Wa Mtwara akambishia. Wa tatu akaomba picha nyingine, ya ile sehemu ya tumbo inayotangulia firigisi, imepasuliwa na kusafishwa. Picha ikaja, na ndani yake vidoa vya damu kama vimechovywa kwa ncha ya kalamu. Kideri. Mjadala ulichukua kama nusu saa na hakuna aliyelipwa, lakini tangu hapo darasa likabadilika. Michango ya harusi haikukoma. Ila katikati yake zikaanza kupita maiti za kuku.

Faida yake haikuonekana mpaka yaliponifika dukani. Iringa ni kwenye baridi. Magonjwa ninayoyaona hapa kila mwaka ni yale yale: vifaranga wanaorundikana Juni na Julai na kufa kwa kukosa hewa, kuhara damu mvua zikianza, ndui ya kuku, mafua. Mfugaji mmoja wa Kihesa akaja na tetea waliokonda, undu mweupe, hawaharishi, hawakohoi. Alikuwa ameshawapa dawa ya minyoo. Ningemuuzia vitamini na pesa ningeipokea. Lakini miezi kadhaa nyuma mwenzetu wa Dodoma alikuwa ametuwekea picha za kupe wa kuku, wale wa maeneo makavu, wanaojificha mchana kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu. Mimi nilikuwa sijawahi kuwaona kwa macho. Nikamuuliza yule bwana banda lake alilijenga kwa vifaa gani. Akasema viota na vichanja alinunua vilivyotumika, vililetwa na lori kutoka Dodoma. Nikamwambia alete kiota kimoja. Tulikigonga juu ya karatasi hapo hapo kwenye baraza ya duka, na wale wadudu bapa wa rangi ya udongo wakaanguka, wengine wakiwa wamevimba kwa damu. Tetea wake walikuwa wanapungukiwa damu kila usiku naye anawanywesha dawa ya minyoo.

Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mtandao kama sehemu ya kazi. Haukuwa umeniletea mteja, maana mteja alikuja kwa miguu yake. Ulikuwa umenipa macho ya Dodoma nikiwa Iringa.

Kundi la wafugaji nililianzisha baadaye, kwa uchovu. Watu walikuwa wananipigia mmoja mmoja kuuliza jambo lile lile, nikaona heri nijibu mara moja wasikie wote. Wakati huo WhatsApp ilikuwa inaruhusu watu 256 katika kundi moja. Tukajaa, tukafungua la pili. Mwishoni mwa 2022 kikomo kilipandishwa hadi 1,024, lakini sikuyaunganisha. Watu elfu moja si kundi tena, ni soko la Jumamosi, na mwenye aibu hawezi kuuliza.

Sheria zangu ni chache na wananilaumu kuwa mkali. Hakuna salamu za asubuhi zenye maua. Hakuna biashara ya kuongeza pesa maradufu. Anayeuliza ataje umri wa kuku, idadi, chanjo ya mwisho na siku walipoanza kufa. Asipotaja, simjibu, na wengine nimewaomba wasimjibu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila Mtanzania ni tabibu. Mtu akiandika tu "kuku wangu wamepooza", kabla sijafungua simu kuna aliyesema mpe OTC, aliyesema kitunguu saumu, aliyesema shubiri mwitu, na aliyesema uza mapema kabla hawajafa. Wa mwisho huyo namtoa.

Mama mmoja wa Ilula alituandikia hivi, nami nayahifadhi mazungumzo yale kwa sababu yamefundisha wengi kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria:

"Kamwene dokta. Vifaranga wa mayai wanakufa, naomba dawa."

"Kamwene mama. Wana umri gani?"

"Wiki ya tano. Wanajikunyata, wanaharisha cheupe cha majimaji. Jana tisa, leo kumi na wanne."

"Gumboro ulichanja?"

"Nilichanja zote, dokta, kama ulivyotuandikia. Siku ya kumi na nne na nikarudia."

Nikamwomba apasue mmoja apige picha ya paja lililochunwa ngozi. Kwenye misuli kulikuwa na mistari ya damu iliyovia. Kile kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja kilikuwa kimevimba. Ni Gumboro, na mama amechanja. Hapo wenye pupa walishaanza kuandika kwamba chanjo za siku hizi ni feki, kuna mmoja akataja na duka. Nikawaomba wanyamaze kidogo.

"Mama, chanjo uliichanganya na maji gani?"

"Ya bomba. Masafi kabisa."

Ndiyo hapo. Chanjo ya Gumboro ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Maji ya bomba yametiwa klorini ili iue vijidudu, na klorini haichagui. Inakiua na kirusi cha chanjo kabla hakijafika kwa kifaranga. Mama alikuwa amewanywesha vifaranga wake maji masafi, basi. Nikaandika kwa urefu siku ile: tumia maji ya mvua au ya kisima yasiyotiwa dawa, yakoroge na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, ndipo uweke chanjo, waondolee maji ya kawaida kama saa moja au mbili ili wawe na kiu, wayamalize ya chanjo ndani ya saa mbili, chombo usikioshe kwa sabuni. Kuhusu wale waliokuwa wanaugua nikamwambia ukweli kwamba Gumboro haina dawa, awape joto, maji ya kutosha na vitamini, atenge wanaozidiwa. Alipoteza wengi, karibu robo ya banda. Lakini siku zile zile watu walioisoma habari yake walinifuata inboksi kwa aibu: "Dokta, hata mimi huwa natumia ya bomba." Walikuwa wamechanja kwa miaka na kuilaani chanjo.

Sasa tuseme habari ya pesa, maana najua ndiyo inayosubiriwa. Mimi ni muuza dawa. Mtu anayenisikiliza nikimwambia asinunue dawa anashtuka, na nadhani hapo ndipo jina langu lilipojengeka. Kideri hakina tiba. Nimeliandika hilo mara nyingi kiasi kwamba wafugaji hulisema kabla yangu. Kuna chanjo, ipo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, Kibaha, ya tone moja kwenye jicho, tena haiharibiki upesi nje ya friji kama zilivyo nyingine. Kuku wa kijijini akitoneshwa kila miezi mitatu unakuwa umemaliza. Lakini kuku akishapinda shingo, kila chupa utakayouziwa ni pesa ya bure. Wapo wenzangu wa maduka walionuna. Mmoja alinipigia akaniambia, "Dada, unatuharibia." Na kwa kweli siku ninayoandika hivyo nauza kidogo. Mauzo ya siku hayo nimeyapoteza mara nyingi. Ya mwaka mzima yamepanda, kwa sababu chanjo hununuliwa na wote wenye kuku wazima, na wenye kuku wazima ni wengi.

Vivyo hivyo kwenye antibaotiki. Nikimuuzia mtu ya kuku wa mayai namwandikia pale kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba mayai ya siku kadhaa asiyauze, na siku zenyewe ni zile zilizoandikwa kwenye chupa. Wengine hukasirika. Waliobaki ni wale ambao hoteli zinanunua kwao.

Mpwa wangu anasoma sosholojia, na ndiye aliyenieleza kwamba mambo yaliyonipata yana maelezo yake. Mwaka 1973 Mmarekani Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu. Aliwafuata watu wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni, akawauliza wale waliozipata kupitia mtu: mlikuwa mnaonana naye mara ngapi? Wenye kuonana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Sababu yake ni nyepesi ukishaambiwa. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua, anakutana na unaokutana nao. Habari mpya hutoka kwa mtu aliyesimama mbali kidogo, mahali usipofika. Mwaka 2022 watafiti waliotumia LinkedIn, wakifuatilia watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, walichapisha kwenye jarida la Science matokeo yaliyokwenda upande huo huo, na marekebisho: anayesaidia zaidi kupata kazi ni wa mbali kiasi, siyo wa mbali kabisa.

Mimi LinkedIn sina. Wafugaji wangu hawako huko. Lakini namjua huyo mtu wa mbali kiasi. Kwenye kundi langu la kwanza alikuwamo bwana mmoja ambaye kwa miaka yote hakuandika hata herufi. Hakuuliza, hakulaiki, nilidhani namba ilishakufa. Kumbe alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika huko Ruvuma, mwenyewe hafugi hata kuku mmoja; mkewe ndiye mfugaji, naye alikuwa anamsomea jioni. Chama kilipoanza kuwakopesha wanachama fedha za ufugaji, wakataka mtu wa kuwafundisha kabla ya mkopo kutoka, ndipo akanipigia. Aliniita dada, akanikumbusha maji ya bomba ya mama wa Ilula kama aliyekuwepo. Mpaka leo naenda Songea kila msimu wa mikopo, na kazi ile inalipa kuliko duka.

Sasa angalia: bwana yule asingeweza kuhesabiwa na mtu yeyote. Ukipima mtandao kwa laiki, yeye ni sifuri. Ukipima kwa komenti, ni sifuri. Ndiyo maana nawashangaa vijana wanaokata tamaa mwezi wa tatu kwa sababu posti zao zina laiki nne. Katika wale wasiogusa kitu wamo wanaosoma kila neno, na wanakupima. Wanangoja waone kama jibu lako la leo litafanana na la mwaka jana.

Kuna faida nyingine isiyo na risiti. Miezi ya kiangazi, kideri kikianza, nakiona kikitembea. Leo picha imetoka Makambako, wiki ijayo Mafinga, kisha Ifunda, kwenye barabara kuu, kwa sababu kuku wanapanda mabasi na malori kama abiria wengine na mwenye wagonjwa huwahi kuuza. Zamani ningekijua kikishafika mlangoni. Siku hizi namwarifu afisa mifugo wa wilaya mapema, kwa simu na kwa skrinishoti, na wenye kuku wazima mbele ya njia wanachanja. Afisa naye siku hizi yumo kwenye kundi, ingawa haandiki. Nawaheshimu sana wasioandika.

Hasara zipo. Simu za saa tisa usiku zilinichosha hadi mume wangu akazungumza. Nikaweka utaratibu: swali kwenye kundi ni bure, kwa sababu jibu linawafaa wote, swali la inboksi linalipiwa kwanza kwa M-Pesa, bei ya trei moja ya mayai, chochote mayai yatakachokuwa wiki hiyo. Walinung'unika, wakazoea. Ukurasa wangu wa Facebook ulikuwa unasomwa sana, mpaka Januari 2018 kampuni ilipotangaza kwamba itatanguliza habari za ndugu, marafiki na makundi kuliko za kurasa. Usomaji ukaporomoka bila mimi kubadili chochote. Na Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika zote dunia nzima kwa karibu saa sita. Huku kwetu ilikuwa jioni, saa za kufunga mabanda. Siku iliyofuata nilinunua kaunta buku nikaanza kunakili majina, namba na idadi ya kuku ya kila mtu. Bado nalijaza. Wateja ni wangu, lakini pale wanapokutania ni kwa watu.

Linaloniumiza zaidi ni matapeli. Mtu anachukua picha yangu, anafungua akaunti yenye jina linalofanana na langu, anatangaza vifaranga kwa bei ya chini, anapokea nusu ya malipo, anazima simu. Mfugaji aliyeibiwa hivyo mara nyingi ni yule anayeanza, mwenye pesa ya kikoba. Jina likishaaminika linakuwa mali, na mali huibwa; wakati sina jina hakuna aliyejisumbua. Nimeandika kila mahali kwamba sipokei pesa ya vifaranga, sijawahi, kifaranga fuata kituoni uone boksi, fungua, hesabu, ndipo ulipe. Kila baada ya muda anatokea mwingine aliyelipa.

Mwezi uliopita kijana anayefanya mazoezi dukani kwangu, naye katoka Tengeru, aliniuliza aanze na mtandao gani, TikTok au Instagram. Nikamuuliza darasa lao lina kundi. Akacheka, akasema lipo, lakini humo ni michango ya harusi tu na vichekesho, alikuwa anafikiria kujitoa. Nikamwambia achange.